Vifaranga vya Mkizi Nyuma ya Soko la Vitambaa

Jumatatu, 17 Februari

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya vipimo vya mashati. Jalada lina picha ya paka, na kurasa zina mistari ya kijani. Nilimwomba binti yangu Herieth anipe, akaniuliza nitaandika nini. Nikamwambia nitahesabu samaki.

"Baba, umestaafu."

"Samaki hawajastaafu."

Akacheka, akanipa na kalamu.

Kwa atakayelisoma bila kunijua: naitwa Kasmir, nina miaka sabini na miwili. Nilifanya kazi ya utafiti wa uvuvi kusini mwa pwani ya Tanzania zaidi ya miaka thelathini, na kabla ya hapo nilisoma Norwei. Nipo Guangzhou, China, tangu Januari, kwa Herieth, kwa sababu mama yake alifariki na watoto waliona sifai kubaki peke yangu. Visa yangu inaisha katikati ya Mei. Herieth hununua vitambaa katika soko la Zhongda, anavipeleka kushonwa, na mzigo ukiwa tayari unasafirishwa kupitia ofisi moja ya jengo la Tianxiu. Ndani ya soko la vitambaa siwezi kutembea. Pikipiki zilizobeba majora zinapita kana kwamba mbavu zangu hazina mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ananiacha nyuma ya soko, kwenye mfereji.

Mfereji huu una bahari ndani yake, ingawa bahari yenyewe iko mbali. Mto mkubwa hupanda na kushuka pamoja na bahari, na mfereji nao hufuata. Leo nimeyaona maji yakigeuka. Nilisimama pale kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ikisemwa sokoni.

Jumanne, 18 Februari

Beseni jeupe la plastiki, yuani kumi. Wavu mdogo nimeushona mwenyewe kwa kitambaa cha shela la bibi harusi, ambacho Herieth alipewa kama sampuli. Matundu yake ni madogo vya kutosha. Nimechagua vituo vitatu: chini ya daraja, mbele ya benchi, na kwenye ngazi za zege. Kila kituo nachota mara kumi, namimina kwenye beseni, nahesabu.

Leo sikuona kifaranga hata mmoja. Baridi.

Alhamisi, 20 Februari

Ninachotafuta ni vifaranga vya mkizi, yule samaki wa rangi ya fedha anayeruka. Mkizi hutaga baharini, na watoto wake, wakiwa na urefu wa kucha, huingia mitoni na maji yanayopanda. Wakati wao huku ni kuanzia miezi ya baridi hadi masika.

Samoni wa Norwei ni kinyume chake. Huzaliwa kwenye vijito, hukaa humo akiwa mdogo, kisha ndiyo huenda baharini. Nikiwa mwanafunzi nilihesabu vifaranga vya samoni kwenye kijito kimoja majira mawili ya joto. Mwaka wa kwanza walijaa sehemu ya juu. Mwaka wa pili sehemu ile ile ilikuwa tupu, nikaandika kwamba wamekufa. Mwalimu wangu, mama mfupi aliyeitwa Solveig, alisoma nilichoandika, akavaa viatu vyake vya mpira, akanitembeza kilomita mbili kuelekea chini. Walikuwa huko, wamejaa. Hakunikaripia. Aliniambia niandike siku niliyoangalia, mahali nilipoangalia, na nilichokiona, basi.

Leo nimejuana na mama mmoja mwenye kofia ya nyasi, anaitwa Ho. Ana bustani ya miti ya matunda ya lichi ng'ambo ya mfereji, na ndani ya bustani kuna bwawa. Tulizungumza kwa simu yangu inayotafsiri. Alinionyesha mlango wake wa maji, mbao nne ndani ya fremu ya mawe. Watu wa ukoo wa marehemu mumewe waliufungua kila mwaka maji yakipanda, vifaranga wanaingia wenyewe, mbao zinarudishwa. Hajawahi kununua kifaranga. Samaki anaowala, anaowauza na anaowapeleka kaburini kwa mumewe wanatoka humo.

Ananiita laoshi, yaani mwalimu. Simu ilitafsiri hilo bila shida, na mimi nilifurahi kuliko inavyostahili.

Ijumaa, 21 Februari

Sikuona.

Jumamosi, 22 Februari

Sikuona. Herieth ameninunulia viatu vipya vya ngozi kutoka Shiling. "Usivipeleke kwenye matope, baba, nakujua." Nimemwahidi.

Jumatatu, 24 Februari

Siku nzuri. Nimeulizwa ushauri wa kitaalamu, mara ya kwanza tangu nistaafu.

Nilikuwa kwenye benchi Mama Ho aliponiita kutoka ng'ambo, "Laoshi, laoshi," huku akipunga kofia. Kando yake alisimama afisa wa ofisi ya mtaa, mwanamke wa makamo mwenye koti la bluu na karatasi kwenye ubao. Nikavuka daraja. Mama Ho alisema maneno mengi, akaonyesha beseni langu, akaonyesha daftari, akanionyesha mimi. Afisa aliniuliza jambo huku akielekeza kalamu majini, na katikati ya maneno yake nikasikia neno la samaki, yu.

Nikamjibu, "Meyo."

Neno hili kila Mtanzania wa hapa analijua kabla hajajua kuomba maji. Unauliza rangi fulani ya kitambaa, muuzaji anasema meyo, bila kuinua kichwa. Hakuna. Nilitaka kusema kwamba sijaona. Afisa aliinamisha kichwa kwa heshima, akaandika. Nilijisikia vizuri. Mama Ho alinitazama kidogo, kisha akatazama maji.

Jumatano, 26 Februari

Kuta za nyumba zinatoka jasho. Ndivyo ilivyo hapa baridi inapokutana na upepo wa joto kutoka kusini. Sakafu inalowa kana kwamba imedekiwa, na mashati ya Herieth yananuka ukungu. Amewasha mashine ya kukausha hewa, inavuma siku nzima.

Kwenye fremu ya mlango wa Mama Ho kumepakwa alama ya rangi nyekundu. Nilimuuliza kwa simu ni ya nini. Simu ilisema: *Mlango hautumiki. Kuziba tarehe kumi na tano mwezi wa nne.* Nikadhani simu imekosea.

Jumamosi, 1 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono unachoka.

Jana mwezi ulizaliwa, na leo yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayopanda juu kabisa na kushuka hadi chini kabisa. Sikuwahi kuuona mfereji umejaa hivi. Nilichota kwenye vituo vyangu vitatu. Darajani hakuna kitu. Benchini hakuna kitu. Kwenye ngazi nilipata kamba mmoja mdogo. Nilikuwa namwaga beseni nilipoona ng'ambo, upande wa bustani, ndege mweupe akidonoa maji haraka haraka mahali pamoja. Ndege hana sababu ya kudanganya. Nikavuka. Pana mkono mdogo wa mfereji pale, umefunikwa na mizizi, na kuufikia ni lazima upite kwenye matope. Nikavua viatu vya Shiling, nikaviacha juu ya jiwe, nikaingia.

Mchoto wa kwanza: kumi na saba. Wa pili: thelathini na wanne. Baada ya hapo niliacha kuhesabu, na mimi sijawahi kuacha kuhesabu. Vifaranga vya mkizi, wembamba kama punje za mchele, macho meusi, wanapita kati ya vidole vya miguu yangu kuelekea kwenye mlango wa Mama Ho. Mbao zilikuwa chini. Waligonga mbao, wakarudi, wakagonga tena.

Sasa niseme kosa langu lilivyo, maana nimelizoea kiasi kwamba nalijua kwa jina.

Vifaranga hawatawanyiki majini kama sukari kwenye chai. Wiki hii wapo mlangoni mwa mto, wiki ijayo wapo juu. Mwaka huu wanafuata mkono wa kushoto, mwakani wa kulia. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo tu, yanawaacha nje, bamvua inawaleta. Haya nimewafundisha watu. Na siku nane nilizoangalia kabla ya kujibu zilikuwa za maji mafu, au za kuelekea huko, na vituo vyangu niliviweka mahali ambapo mzee anaweza kukaa bila kulowa. Benchi lilinichagulia sayansi.

Kisha nikaulizwa na mtu mwenye karatasi, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuitoa. Nilitaka aone kwamba najua Kichina.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda mferejini. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Tulienda kanisa la mawe, mimi na Herieth, misa ya Kiingereza, Waafrika wengi. Padre alinipaka majivu. Nilifikiria kwenda kuungama, lakini nikajiuliza nianze na lipi. Nilisema neno la sokoni? Niliweka kituo mahali pakavu? Angenipa Salamu Maria tatu, na ningetoka nikiwa nimesamehewa kosa dogo ambalo si lenyewe.

Lenyewe ni hili. Mwaka 1984 nilitumwa kwenye kijito kinachoitwa Mtukuza. Shirika moja lilitaka kujenga tuta mdomoni mwake ili kupata mashamba ya chumvi, na niliombwa nieleze kama vifaranga vya mwatiko, samaki mwingine wa baharini, hupanda kijito hicho. Wanawake wa sehemu ya juu ya kijito walikuwa wanawaelekeza kwenye madimbwi na kuwalea hadi wanakuwa samaki wa sahani. Nilikaa siku nane. Nilihesabu darajani, kwa sababu Landrova ilifika hadi darajani. Sikuona. Siku ya mwisho mama mmoja, Bi Chausiku, ambaye kila siku aliniletea muhogo wa kuchemsha, aliniambia: "Wanakuja, mwanangu, ila si mwezi huu."

Nilikuwa na shahada, na ripoti ilitakiwa Jumatatu. Niliandika: *Hakuna vifaranga vya mwatiko katika kijito cha Mtukuza.* Maneno yake sikuyaandika. Tuta lilijengwa. Niliporudi mwaka wa tatu madimbwi yalikuwa na nyasi. Bi Chausiku alinikaribisha muhogo. Nilikula.

Miaka arobaini na mmoja sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempata wa kunitafsiria. Nassor ni Mzanzibari, ana ofisi ya kusafirisha mizigo Tianxiu, jirani na ile anayotumia Herieth, na Kichina chake kimewaokoa wengi. Amefunga, lakini alikuja.

"Shikamoo mwalimu. Mie nimezowea kutafsiri ugomvi wa zipu. Samaki sijapata kuwatafsiri."

"Marahaba. Hawa hawana ugomvi. Mwenye kosa ni mimi."

Nikamweleza. Alijipangusa jasho.

"Mwalimu, tatizo liko kwenye meyo yenyewe. Sisi tunaijua ya dukani tu. Wao, hakuna ni meyo, sina ni meyo, sijapata ni meyo. Ulimwambia sijaona, yeye kasikia hakuna, na nyote wawili mmesema sawa."

"Na kama nilitaka kusema bado?"

"Unatanguliza kakitu mbele. *Hai* mei yo. Hapo inakuwa bado."

Silabi moja.

Mama Ho alikuwa akipogoa miti. Nilisimama mbele yake, nikavua kofia, nikasema kwa Kiswahili, taratibu, ili Nassor asipoteze neno. Kwamba vifaranga wapo. Kwamba niliangalia mahali pabaya na siku mbaya. Kwamba afisa aliandika kwa sababu yangu.

Mama Ho alijibu kwa kifupi. Nassor akasita.

"Sema alivyosema, mwanangu."

"Anasema anajua kama wapo. Yeye anakaa hapa."

"Kwa nini basi hakumwambia afisa?"

Wakazungumza. Nassor alitazama chini aliponigeukia. "Alimwambia. Ndiyo maana wakakwita. Afisa kasema neno lake yeye ni la mwenye bwawa, anataka neno la mtaalamu. Na mama huyu alifurahi, kwa sababu mtaalamu ni rafiki yake."

Mama Ho aliingia ndani, akatoka na mapomelo mawili, matunda kama balungi kubwa, moja langu, moja la Nassor la kufuturu.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya mtaa, pamoja na Nassor. Afisa alitupokea vizuri, akatupa maji ya moto, Nassor akaiacha glasi yake. Milango midogo yote ya mfereji inazibwa, mmoja mkubwa unajengwa kwenye mto. Waliobakiziwa mlango ni wale walioonyesha kwamba bado unaingiza samaki. Fomu ya Mama Ho ilishakwenda juu. Ila afisa alikubali kuja kuangalia mwenyewe. Nilimwomba aje tarehe kumi na nne au kumi na tano, wakati wa bamvua. Alifungua kalenda yake: nafasi ni tarehe ishirini na moja.

Tarehe ishirini na moja ni maji mafu. Nilimwambia. Akasema ndiyo nafasi aliyonayo.

Jumamosi, 15 Machi

Kituo cha nne, kwenye matope ya ule mkono mdogo, michoto kumi: 188. Benchini: sifuri. Nimenunua viatu vya mpira.

Jumanne, 18 Machi

41.

Alhamisi, 20 Machi

9. Herieth anasema nimekonda. "Baba, ni bwawa moja tu. Hapa kila wiki wanabomoa kitu." Nikamwambia na kule lilikuwa tuta moja tu. "Kule wapi?" Nikamsimulia Mtukuza. Aliendelea kukunja mashati mpaka nilipomaliza. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa hutaki kula muhogo nyumbani," akasema. Sikujua kwamba walikuwa wameona.

Ijumaa, 21 Machi

Afisa alifika saa nne asubuhi, na koti lake la bluu na ubao wake. Nassor alikuja, midomo imekauka. Mama Ho alikuwa amefagia njia na kuweka viti vitatu vya plastiki. Maji yalikuwa yamelala. Niliingia kwenye matope, nikachota mara kumi, nikammiminia kwenye beseni jeupe, nikaliweka juu ya kiti ili asiiname.

Wawili.

Aliwatazama muda mrefu, naweza kusema kwa haki. Akauliza kama ni wote. Nikachota tena mara kumi. Hakuna aliyeongezeka. Akaandika tarakimu ya mbili, kwa mistari yao miwili ya kulala. Akamwambia Nassor kwamba anasikitika, lakini samaki wawili hawawezi kuitwa matumizi.

Ndipo nikasema, na nilipoanza kusema sikujua nasema nini: "Mwambie wanakuja, ila si wiki hii."

Nassor alitafsiri. Mimi sikumsikia. Nilikuwa nimesimama kwenye matope hadi magotini, mzee mwenye wavu wa shela la harusi, namwambia mtu mwenye karatasi maneno ya Bi Chausiku karibu kama alivyoyasema. Na afisa alinitazama kwa uso ule ule ambao bila shaka mimi nilimtazama nao yule mama: uso wa mtu mwema aliye na kazi ya kumaliza.

Alikuwa mwema kuliko mimi. Aliandika tulichosema. Nilimwona Nassor akisoma juu ya bega lake, naye akaniambia: "Kaandika, mwalimu. Pembeni, kwa herufi ndogo."

Mama Ho alimpa afisa pomelo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeamua nitahesabu kila siku hadi niondoke, vituo vyote vinne, wawepo wasiwepo. Si kwa ajili ya mlango. Mlango umekwisha, nadhani.

Jumatatu, 31 Machi

Bamvua. 212. Nassor alipita na kanzu nyeupe, leo wao ni sikukuu. "Mwalimu, nakuletea halua, wewe unanukia tope." Tulikula pamoja na Mama Ho juu ya viti vyake. Aliionja halua, akasema neno, Nassor akacheka peke yake. "Anauliza hii ni dawa ya nini."

Nimemfundisha Mama Ho neno moja la Kiswahili. Kila asubuhi huniuliza kwa mikono kama wapo, nami hukataa kusema meyo. Nasema bado. Ameanza kulitamka: "Pado."

Ijumaa, 4 Aprili

Siku yao ya makaburi. Mama Ho alipita na samaki wa kukaanga kwenye kikapu, na maua. Samaki wa bwawani.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeandika barua nyumbani, kwa mwenyekiti wa kijiji cha karibu na Mtukuza. Shedrack, aliyekuwa dereva wangu, anaishi huko, ataipeleka. Nimeandika kwamba ripoti ya 1984 ilikuwa na kosa na kosa lilikuwa langu. Kwamba Bi Chausiku alinieleza ukweli nisiuandike. Nimeomba barua isomwe mbele ya watu wake. Niliandika mara nne. Mara tatu za kwanza nilijieleza.

Jumatatu, 14 Aprili

Kesho wanaziba. Leo maji yalipanda kweli. Mama Ho aling'oa mbao nne, moja baada ya nyingine, na kila ubao aliuosha kabla ya kuulaza kwenye nyasi. Tulikaa pembeni ya mlango kutwa nzima. Waliingia kama moshi chini ya maji. Sikuhesabu, ilikuwa siku yake, si yangu. Maji yalipoanza kugeuka alirudisha mbao mwenyewe. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akauondoa, bila hasira.

Jumanne, 15 Aprili

Zege. Mafundi watatu, saa moja na nusu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilidhani nitamkuta amekaa. Nimemkuta na ndoo. Anachota vifaranga kwenye mkono wa mfereji, anapanda tuta linalotenga bwawa, anashuka, anawamwaga bwawani. Nikachukua ndoo ya pili. Tulifanya safari kumi na moja hadi mgongo wangu ukakataa. Mlango ungewaingiza wote hao kwa dakika tano, bila mtu kuinama.

Mama Ho ana miaka sitini na tisa. Mwakani atakuwa na sabini, na mimi sitakuwepo kubeba ndoo ya pili. Hivi ndivyo neno langu linavyopimwa: kwa idadi ya safari.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Niliungama jana. Padre aliniuliza kama inawezekana kurekebisha. Nikamjibu haiwezekani. Akasema basi nifanye kile kinachowezekana. Nilitegemea jambo zito zaidi.

Ijumaa, 25 Aprili

Shedrack amepiga simu. Bi Chausiku alifariki mwaka 2009. Barua ilisomwa, mjukuu wake Maulida alikuwepo. Nilimuuliza alisema nini.

"Kasema bibi yake alikuwa akikutaja, mzee. Yule bwana aliyekuwa anapenda muhogo."

"Basi?"

"Basi. Na tuta lipo pale pale."

Jumanne, 29 Aprili

Mvua kubwa, mfereji umekuwa wa kahawia. 63. Juzi, bamvua hii ilipoanza, nilipata 19 tu. Sijui kwa nini. Maji matamu ya mvua? Msimu unaisha? Naandika kwamba sijui.

Jumatatu, 5 Mei

Leo wanaume wa mtaa wameingia mferejini hadi kifuani wakafukua mtumbwi mrefu wa mashindano kutoka kwenye tope. Huufukia mwaka mzima ili mbao zisipasuke, na siku hii huutoa. Fataki, ngoma, watoto. Mtu angepita hapa mwezi wa tatu akaulizwa kama mfereji una mtumbwi, angesema meyo.

Alhamisi, 8 Mei

Afisa amekuja mwenyewe, bila kuitwa. Mlango mkubwa wa mtoni umekamilika, na utafunguliwa kwa saa maalumu. Aliuliza kwa simu yake, na simu ikasema kwa sauti ya kike: *Mwalimu, ufunguliwe siku gani ili samaki wadogo wapite?*

Nilikaa kwenye benchi langu la aibu. Nina siku sabini na kitu za hesabu. Kuna picha inayoonekana wazi: bamvua mbili kila mwezi, maji yanayopanda asubuhi. Ningeweza kumwandikia sentensi moja safi, naye angeipeleka juu, na kwenye karatasi ingesimama kama zege.

Nimemwomba siku mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Nimenakili jedwali zima kwa mwandiko mzuri: tarehe, kituo, michoto, idadi, na sifuri zote. Nassor ameandika Kichina chini ya kila kichwa. Mwishoni nimeandika haya, naye akatafsiri:

*Haya yameonekana na mtu mmoja, msimu mmoja, sehemu nne. Mwakani wanaweza kupita kwingine au wakati mwingine. Msifunge kwa kutegemea karatasi hii peke yake. Kila mwaka aulizwe kwanza Mama Ho wa bustani ya lichi, ambaye aliyajua haya kabla yangu na ambaye nilimponza tarehe 24 Februari.*

Nassor alisimamisha kalamu. "Nilimponza nako niandike?"

"Andika."

"Kwa Kichina litakuwa zito, mwalimu."

"Ndivyo lilivyo."

Nikaacha nafasi mbili za sahihi. Mama Ho alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, jedwali lote. Kwenye tarehe tano Aprili akasimama, akatikisa kichwa: nilikuwa nimeandika kituo cha nne 7, na yeye alisema siku hiyo sikuwepo, mvua ilinizuia, ilikuwa tarehe sita. Nikafungua daftari. Alikuwa sahihi. Nikasahihisha. Kisha akatia sahihi yake juu, na mimi yangu chini.

Jumatatu, 12 Mei

Kesho kutwa nasafiri. Herieth amefunga begi langu. Viatu vya mpira amevikataa, nimemwachia Mama Ho, vinamfaa akivaa soksi mbili.

Mwezi umejaa. Nilikwenda mferejini mara ya mwisho, tukaingia wote kwenye matope, kila mtu na ndoo yake. Nilichota mara kumi. Nikainua beseni juani.

Kituo cha nne. Tumeangalia mara moja, saa nne asubuhi, maji yakipanda. Sikuona.

Nikamgeukia kumwonyesha beseni tupu. Alilitazama, akatazama ndoo yangu, ambayo nilikuwa nimeshaanza kuigeuza mdomo chini nimwage maji. Akaishika, akaisimamisha tena.

"Bado, laoshi," alisema.

Tukasubiri.